Kisogo cha Zilpha

Shangazi Ozella hataki kuchorwa.
Kaja na koti lake la manyoya, kaketi juu ya ndoo ya rangi
katika gereji yangu hapa Detroit, theluji imeziba mlango nusu,
na la kwanza kusema: usinivishe aproni.
Mama yangu alivaa aproni za watu miaka arobaini.
Inatosha ukoo mzima.

Sawa, shangazi.

Ukutani wamekaa waliotangulia:
Babu Cleotha na kofia ya kiwanda, jicho moja limelegea;
Theotis, aliyeshuka kwenye treni
na kuku wa kukaanga na anwani iliyokosewa;
Bibi Arzula, midomo imefumbwa.
"Mdomo huo si wake. Huo wa kwa kina Tolliver.
Wetu una ubishi. Futa."
Nafuta.

Imebaki turubai moja, tupu.

Picha ya Zilpha hakuna. Kuna tangazo,
nimelikuta Macon, maktabani, katika filamu iliyokwaruzika,
gazeti la mwaka hamsini na moja, karne ile,
chini ya nyumbu aliyepotea.
Nyumbu kapewa mistari saba: jina, rangi, mwendo wake.
Zilpha mitatu:
Katoroka mwanamke, miaka kumi na tisa hivi.
Ana baka la nywele nyeupe kisogoni.
Dola thelathini.

Jina halimo. Jina tunalo sisi,
limekuja mdomo kwa mdomo, halijawahi kulala karatasini.
Alikamatwa, au alirudi mwenyewe kumfuata mtoto:
kila shangazi ana yake.

Miezi mitatu namtafutia uso.
Nimeazima paji la binamu Lavonne, mashavu ya mapacha wake,
na kila nikiunganisha napata mgeni
ananitazama kama niliyemgongea mlango usiku wa manane.

Nikamsomea shangazi lile tangazo.
Kimya. Hita ikanguruma peke yake.
Kisha akavua kofia, pole pole,
akageuka, akanipa kisogo.

"Miaka sitini napaka piko," akauambia ukuta.
"Shuleni waliniita kicheche.
Mama ndiye aliyenipaka mara ya kwanza, kwa rangi ya viatu,
huku analia, hasemi kwa nini.
Wiki hii sikupaka. Gari limegoma kwa baridi."

Na kweli, juu kidogo ya shingo,
kati ya msuko na msuko,
weupe umechipua, upana wa kidole gumba.

Mwana hutazama kisogo cha nina.
Yule mwenye dola zake alikiandika ili kirudishwe.
Nacho kikaendelea, kichwa hadi kichwa,
chini ya vilemba, chini ya kofia za kanisani,
chini ya rangi ya viatu,
mpaka juu ya ndoo hii.

Nikachukua brashi nyembamba.
Nyeupe, na tone la manjano, maana si theluji, ni nywele.
Uso sikuuchora. Zilpha anakwenda zake,
hajasimama kwa ajili yetu.

"Umemaliza?"
"Bado. Tulia."
"Basi hiyo shingo usiinenepeshe.
Watu watadhani ni yangu."