Kumbukumbu za Kikao

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
yaliyosemwa, si yaliyonyamaziwa.
Bodi ya mifereji ya Holmefleet: wajumbe tisa,
chumba cha juu cha kanisa, jiko linalonuka mafuta ya taa,
na nje, mashariki mwa Uingereza, ardhi iliyo chini ya bahari.

Hapa mto hupita juu ya mashamba.
Unasimama kwenye matuta ya viazi, unainua macho,
unaona boti.
Mababu walikausha kinamasi, wakapata udongo mweusi kama masizi;
udongo ukikauka hunywea, kila mwaka unene wa ukucha,
na kila mwaka pampu huyapandisha maji mbali zaidi.
Deni hili halilipwi. Linaahirishwa, kwa kodi ya kila ekari.

Kwa kawaida tunagombania madogo:
nani asafishiwe mtaro kabla ya nani,
matete ya Thurlby yanayoziba kalvati la Papworth,
bei ya dizeli.
Thirza Papworth hupinga hata sala ya kufungua.

Usiku ule, mvua ilikuwa siku ya kumi na moja.
Bahari imejaa, lango limefungwa,
pampu ya pili imekohoa, ikazima.
Fundi Lubbock aliingia na matope hadi mapajani,
akatandaza ramani, akasema:
maji lazima yalale mahali.
Kijiji, au shamba moja.
Kidole chake kilitembea juu ya karatasi, kikasita.

Hakuna aliyekitazama. Tulijua
shamba la chini kuliko yote ni la nani.
Ekari arobaini, viazi havijachimbwa.
Mwenyekiti, Enoch Thurlby, alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akauliza kama kuna anayeunga mkono hoja.
"Hoja ya nani?" nikauliza, kalamu hewani.
"Andika yangu."

Mikono ilipanda polepole. Wa mwisho, Thirza,
aliyemshitaki miaka sita kwa ajili ya mtaro.
Alikuwa analia, au ni mafua; sikuandika.

Saa saba na dakika kumi ukingo ulikatwa.
Maji hayakunguruma. Yaliingia bila hodi,
kama mwenye nyumba aliyerudi.

Asubuhi mabata yaliogelea juu ya viazi.
Kijijini watoto walikwenda shule na soksi kavu.

Kipengele cha nne nimeandika: Imeafikiwa.
Kipengele cha tano, mengineyo:
hakuna.