Jino la Ngarenanyuki

Saa moja na nusu, Kaloleni, mgonjwa wa kwanza hajabisha,
nafungua mtungi wa mvuke. Joto lanipiga usoni
kama sufuria ya makande iliyofunuliwa ghafla.
Navihesabu: vioo sita vya shingo ndefu,
vichokoo vyenye ncha ya mkia wa nge,
koleo la magego ya juu, koleo la magego ya chini
(ukiyachanganya daktari haongei, anakutazama tu),
na kijiko kidogo ambacho tangu chuoni
sijamwambia mtu kinakomba nini.

Mzee Aminieli Nnko aliingia, kofia mkononi.
Ng'ombe alitikisa kichwa joshoni,
pembe ikaondoka na jino la mbele, la juu, kulia.
Alilileta ndani ya kisanduku cha kiberiti.
"Halipandiki tena, lina wiki tatu," daktari akasema.
"Najua. Nimelileta mlione."

Nikakoroga unga wa waridi na maji, haraka haraka,
maana unga ule haumsubiri mtu:
ukizubaa, umegandia bakulini.
"Pumua kwa pua, mzee."
Kinywa chake kikabaki ndani ya sinia,
kila jino na jirani yake, na pale penye pengo
kishimo laini, kama palipong'olewa kigingi cha mbuzi.
Nikamimina plasta.

Kisha rangi.
Meno kumi na sita kwenye vijiti,
yamejipanga kama wanafunzi mstarini.
Daktari akayasogeza moja moja mdomoni mwa mzee.
Jeupe la maziwa. Jeupe la sembe.
Jeupe la karatasi iliyokaa dirishani.
La mwisho kabisa, rangi ya uji.
Hakuna lililokaribia.
Kiwanda kilichoyachoma kiko mbali,
hakijanywa maji yetu.

"Andika A tatu na nusu."
Plasta ikafungwa gazetini, ikapanda basi la Moshi
kwa fundi Rogati Kiwelu, kule Majengo.

Likarudi baada ya wiki, limeng'arishwa, limekaa sawa kwenye waya wake.
Mzee akajitazama kiooni, akajitazama tena.
"Jino zuri. Lakini la mgeni.
Limesimama katikati ya wenyeji kama mpima ardhi."
Daktari akacheka. Mzee hakucheka.
"Mke wangu ana meno haya. Wanangu saba wana meno haya.
Nipeni la Ngarenanyuki."

Nikampigia Rogati.
"Kahawia ipi, dada? Ya kahawa? Ya udongo? Ya kutu?"
Nikakosa neno.

Mimi ni wa Maji ya Chai. Jina la mahali linatosha.
Nimesugua kwa mkaa, kwa limau,
kwa dawa ya bei ya kiatu.
Nimecheka na kiganja mdomoni hata siku ya harusi yangu.
Miaka tisa barakoa hii imekuwa mlango,
na ufunguo ninao mwenyewe.

Mchana ule nikasimama dirishani, kwenye mwanga wa kweli.
Nikaishusha. Nikainua mdomo kwa vidole viwili.
Picha moja, Moshi.
"Hivi," nikaandika. "Na mistari yake.
Na lile doa la chokaa karibu na ufizi, usilisahau."
Ikapita saa nzima.
"Nimeipata. Meno ya nani?"
"Yangu."

Jino la pili daktari alilitafuta kwa kioo,
akaligonga la jirani kwanza, akaguna.
Mzee akapitisha ulimi, akafumba macho.
Akalipa. Akatia kiberiti chake mfukoni.
"Mahindi ya kuchoma?"
"Hapana," nikasema.
"Tutaona," akasema, akinitazama,
"binti wa Maji ya Chai."

Hapo ndipo nilipoigusa barakoa
na kuikuta kidevuni.