Anwani ya Zamani

Tangu alasiri nimeketi mbele ya kioo hiki,
nakitazama, chanitazama,
kila mmoja akingoja mwenzake aanze.
Pembeni, chini, kipembetatu cha manjano
na alama ya mshangao tumboni,
kama mgeni aliyefika mlangoni
akasahau alichojia.

Kadi za arusi ya binti Twalhata ni mia mbili na hamsini.
Mpiga chapa yuko Mombasa, ataka faili kabla ya Ijumaa,
na Ijumaa ni kesho.

Nimezima, nikawasha.
Nimechomoa waya nikaupuliza, nikauchomeka.
Nimepiga bismillahi, nimepiga na kofi la ubavuni,
dogo, la mapenzi.
Rauta mpya, iliyofungwa jana, imo kidakani
palipokuwa bakuli la Kichina la mavyaa wangu.
Taa zake nne za kijani hazipepesi,
imetulia kama bibi arusi siku ya kutolewa nje.

Nikasema: ni kuta.
Kuta za Mkomani, mawe ya bahari na chokaa, unene wa dhiraa,
ugomvi haupenyi, siri haipenyi,
mawimbi ya rauta yatapenya na nini?
Nikamwita Famau wa jirani.
Tukaipandisha ngazini, skrini kwanza, kisha sanduku,
tukaiweka chini ya kidaka, uso kwa uso.

Kipembetatu pale pale.

"Shangazi," akasema Famau, "waonana. Hawasemezani."

Nikapigia kampuni. Muziki. Muziki tena.
Kisha kijana wa Nairobi, Kiswahili chake kimepigwa pasi:
"Fungua mipangilio, mama, unisomee anwani."
Nikamsomea:
mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta,
nane, nukta,
ishirini na saba.

Akanyamaza kidogo.
"Hizi ziliandikwa kwa mkono, mama.
Rauta yako iko mtaa wa moja,
kompyuta bado yaita kutoka mtaa wa nane.
Nani aliziandika?"

Mbwarahaji aliziandika.
Mwaka ule wa rauta ya kwanza, ile nyeusi,
miwani kwenye ncha ya pua,
akisema kila kitu nyumbani humu
sharti kiwe na pahali pake, hata hiki.
Funguo zina msumari wao, kobazi zina pembe yao.
Kwa nini ishirini na saba, sikumuuliza.
Huenda ni Miraji. Huenda ni umri wangu nilipoingia nyumba hii.
Huenda ni namba tu.

Rauta yake chumvi iliila, mwezi wa nne baada yake.
Na chombo hiki, tangu siku hiyo,
kila nikiwashapo huamka kikabisha nyumba ya zamani:
hodi, hodi, ni mimi ishirini na saba.
Hakuna wa kusema karibu.
Nitakicheka vipi?
Juzi tu nimenunua tambuu, mimi nisiyetafuna.

"Mama, uko?"
"Niko."
"Futa zote. Chagua ipate anwani yenyewe."

Nikamwambia subiri.
Nikachukua risiti ya unga, nikaziandika nyuma yake,
zote, na nukta zake,
nikaifutika chini ya rauta.
Kisha nikafuta kutoka mwisho. Saba kwanza.

Kipembetatu kikaondoka bila kuaga.
Barua sitini na moja zikamiminika,
matangazo ya viatu, madai ya benki,
na Twalhata, mara tatu: kadi vipi?

Famau akachungulia.
"Imepewa mia na nne. Kesho huenda ikapewa nyingine."
"Nayo itakubali?"
"Itakubali, shangazi. Haichagui."

Nikatuma kadi za watu.