Kisiginoni, Upande wa Nje

Jumanne. Kiwanda cha karoti kimesimamisha mkanda,
na Rasa, mpangaji mwenzangu, amechoka kuniona nimelala.
"Amka, Mntambo. Twende tukatazame vya marehemu."
Tukashuka na mvua ya Lynn, ile isiyonyesha wala isiyokatika,
hadi ghala la Wajerumani, ukingoni mwa mto Ouse.

Matofali na mbao, refu kama korido ya hospitali.
Hapa, lasema bango, wafanyabiashara wa Lübeck na Danzig
walishusha nta, manyoya, lami, samaki mkavu kama kuni,
wakapakia sufu, wakala, wakagombana, wakalala
juu ya mali zao kama kuku juu ya mayai.
Nilisoma hadi mwisho, kidole hewani.
Aliyekuwa akifagia hakuandikwa.

Makumbusho ya pili yana joto, na harufu ya zulia lililolowa.
Beji za madini ya risasi, ndogo kama kucha:
mahujaji walizishona kofiani, Mungu asije akawasahau njiani.
Funguo zisizo na mlango. Kijiko.
Rasa akapiga miayo.

Kisha, kwenye kabati la mwisho, karibu na choo,
kiatu.
Cha mtoto. Ngozi, rangi ya chai ya juzi.
"Kiliokotwa kwenye tope la mto. Karne ya kumi na nne."
Basi. Sentensi mbili kwa safari yote ile.

Lakini mimi, kabla ya karoti, nilikuwa fundi viatu,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, miaka kumi na tisa:
uzi naupaka nta, naupitisha, navuta, nang'ata, nakata.
Kiatu hakinifichi kitu.
Nikapiga magoti. Pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo,
nikaufuta kwa mkono wa koti.
Soli imelika kisiginoni, upande wa nje.
Chini yake kiraka, na chini ya kiraka, kiraka kingine,
upande huo huo tu,
mishono midogo, ya mtu asiyeharakishwa.

Mlinzi wa chumba, Bibi Thurlow, miwani ikining'inia kwa kamba,
akauliza kama nimeangusha kitu.
Kiingereza changu ni cha kiwandani: sogeza, pima, haraka.
Neno la kuchechemea sikuwa nalo.
Basi nikalitembea.
Toka kwenye funguo hadi kwenye kijiko,
mguu wa kushoto nikiuburura, bega likizama,
nikageuka, nikarudi, nikiwa na miaka saba.
Rasa alicheka. Kisha akaacha.

Bibi Thurlow alivaa miwani.
"Mguu upi?"
Nikauinua.
Akaandika nyuma ya karatasi ya bei za keki,
akaniuliza jina, akalikosea, M na N zikamkwama kooni,
akafuta, akaandika tena.
"Na fundi alijua," nikasema. "Alimwinua. Mara mbili."
Akaitazama karatasi, asijue hilo aliandike wapi.

Nje, Rasa alisema bango halitabadilika.
Labda. Mimi nilikuwa nawaza kile cha kulia,
kama nacho kimo topeni bado, kizima, hakina kiraka,
hakina la kusema.
Stendi, basi la saa kumi na dakika ishirini limechelewa.
Nikatazama chini.
— Kiatu chako kinaingiza maji.
— Najua.
— Tangu lini?
— Tangu Krismasi.
Nikamwuliza mji huu, siku hizi, nta wanauza wapi.