Gia ya Pili

Jina langu Mujinga. Wageni wa pwani hulicheka;
kwetu ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzonga shingo.
Basi nyaya hazinitishi.
Nimelala chini ya Alfa ya baba, hapa Kamalondo,
vumbi jekundu puani, tochi mdomoni,
nafungua bolti ya mwisho ya giaboksi
iliyofungwa kabla sijazaliwa.

Aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akihama haraka,
mwaka ule maduka yalipobadilishwa majina.
Bei ilikuwa majokofu mawili na ahadi.
Majokofu aliyatoa.

Injini mpya imeingilia Kasumbalesa juu ya lori la unga,
imeng'olewa kwenye Altezza iliyogonga nguzo huko Ndola:
valvu kumi na sita, gia sita,
na ubongo wake wa kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki
kama maini ya mbuzi yametoka soko la Kenya.
Yav aliipima kwa kamba. Ndefu.
Akaipima tena kwa futi. Bado ndefu.
"Chuma hakibembelezwi," akasema,
akawasha grainda.

Tukaukata ukuta unaotenga injini na miguu,
vidole vinne, tukarudi, vidole vitano.
Tukalipanua handaki la sakafuni.
Tukaanza kuchomelea,
umeme ukakatika.

Siku tatu.
Mji umekula shaba, umevaa shaba, umezika watu kwa ajili ya shaba,
na waya wake wa shaba umelala baridi.
Tukacheza dama kwa nati na vifuniko vya chupa.
Mama akatuletea bukari na samaki,
akaizunguka gari iliyobaki tumbo wazi,
akasema, "Mkimaliza kutoa,
kitakachobaki cha mume wangu ni honi."
Kweli, honi ndiyo pekee haijawahi kuharibika.

Usiku wa tatu nikarudi chini peke yangu.
Pale maunti ya kushoto ilipokuwa imeshikilia giaboksi
palibanduka sarafu mbili za makuta,
zimetobolewa katikati.
Sura iliyokuwa juu yake imesagika;
limebaki sikio.
Baba alizitia zikawa washa, hakumbuki mwaka,
asema tu ni wakati washa moja
ilikuwa ghali kuliko pesa ya kuinunulia.
Pesa ile ilikufa sokoni, ikafa benki,
ikafa katika midomo ya watoto wanaohesabu.
Huku chini, gizani, kwenye grisi,
ilikuwa bado kazini.

Nikaziosha kwa petroli.
Asubuhi Yav akaja na pakiti ya washa mpya,
zinang'aa, hazishiki kutu.
Akaziona zile mbili kiganjani mwangu.
Pakiti akairudisha mfukoni,
akaniuliza kama chai ipo.

Zilikaa sawasawa, kasoro unene wa karatasi.
Tukaweka karatasi.

Oktoba, jakaranda zimemwaga zambarau barabarani,
tukaitoa kuelekea njia ya Kasenga.
Baba kwenye usukani, kofia ya Jumapili.
Akaisikiliza mpaka mwisho wa ukuta wa shule.
"Haikohoi," akasema,
kama mtu anayeuliza jirani amehamia wapi.

Gia ya kwanza.
Gia ya pili.

Zamani ya pili ilikuwa inaruka,
inajitema yenyewe kila tukipanda,
naye alikuwa akiibana kwa goti
huku akiendelea na hadithi yake, hata hakatishi neno.
Nilidhani utotoni kwamba ndivyo magari yote yanavyoendeshwa,
kwamba mtu lazima aegemee kidogo
ili kitu kisitoke.

Sasa nikaliona goti la kulia linanyanyuka polepole,
suruali ya kitambaa, mkunjo wa pasi,
likasogea, likaigusa fimbo,
likaibana
gia isiyoruka tena.

Sikumwambia.
Kwenye kona ya reli akapiga honi.