Picha Mbichi

Kamera nimeinunua kwa mkopo wa kikoba na pikipiki moja.
Mke wangu bado anaiita "ile pikipiki."
"Pikipiki imeshiba chaji?" ananiuliza asubuhi,
nami najibu imeshiba, huku naipangusa lenzi
kwa kitambaa laini kuliko shuka letu.

Inapiga picha mbichi.
Mbichi kama sangara wa alfajiri pale Mwaloni:
jicho bado linang'aa,
hakuna aliyetia chumvi, hakuna aliyewasha moto.
Faili moja linameza nafasi ya harusi nzima.
Na mbichi hailiki.
Ndipo linapokuja swali la sufuria.

Lushinge, fundi kompyuta wa Makoroboi,
alinipakilia programu ya kwanza usiku, kwa bando langu.
"Hii ndiyo ya wakubwa," akasema.
Nikaifungulia picha ya Mama Nkwimba
amesimama jua la utosini kati ya dagaa walioanikwa,
fedha huku, fedha kule,
na uso wake ndani ya kivuli cha beseni.
Sijagusa kitu. Programu yenyewe ikaona weusi,
ikadhani ni kosa, ikausahihisha.
Mama Nkwimba akatoka kama binti wa tangazo la sabuni.
"Huyu simjui," nikasema.
"Bonyeza hapa, inarudi."
Ilirudi, lakini kwa kununa.

Ya pili ilikuwa tamu, sikatai.
Kijani cha magugumaji kilibaki kijani cha magugumaji,
mawe ya mlima Bugando yakarudi na kutu yake.
Ila inataka kodi kila mwezi, kwa dola,
na siku ukichelewa inafunga mlango,
picha zako ndani, wewe nje,
kama mwenye nyumba wangu wa Mabatini
aliyenifungia godoro kwa ajili ya elfu nane.
Mimi na wenye nyumba tulishamalizana.

Basi nikakaa na ile ya bure.
Sura mbaya. Vitufe vidogo kama mbegu za mchicha.
Kiswahili chake kimeandikwa na mtu
aliyekisikia kwa mbali, upepo ukivuma:
mwangaza umeitwa "umeme."
Usiku wa kwanza nilimgeuza Mama Nkwimba zambarau.
Wa pili, umeme wenyewe ulikatika, sijahifadhi kitu.
Wa tatu nikajifunza kukifungua kivuli polepole,
kama anayefunua chungu na hataki mvuke wote utoke,
na uso ukaja. Haukuja mweupe. Ulikuja wenyewe,
weusi wenye buluu kwa chini, jasho juu ya mdomo,
na pale nilipodhani hapana kitu,
mkono wa kushoto, umeshika kiatu kimoja cha mtoto.

Sikukiona siku ile, nami nilikuwa hatua mbili mbele yake.
Kamera ilikiona, ikanyamaza.

Zamani tulisema kusafisha picha,
na mimi nilidhani maana yake ni kuondoa uchafu.

Jumamosi nikampelekea.
Akaifuta kwa ncha ya khanga, akaishika mbali, akaishika karibu.
Kiatu hakukisemea.
Alikifunika kwa kidole gumba, kisha akakiondoa kidole.
"Ni mimi," akasema. "Ila mbona hujaning'arisha?
Wenzako wa Igoma wanang'arisha."
Nikafungua mdomo nimweleze habari za vivuli.
Jirani yake alikuwa anapimia mteja, kopo likagonga meza.
Nikaufunga.

Usiku, ile programu ya pili imeniandikia:
zimebaki siku mbili za kuonja.
Mke wangu anauliza pikipiki imeingiza ngapi leo.
Elfu tano, namwambia, na kopo la dagaa.
Anakwenda kuinjika sufuria.
Mimi nafungua yangu.