Kram

Barua za Gunvor zilifika Sikonge masika yakishakatika,
na chini kabisa, salamu zikiisha, neno moja:
*Kram.*
Mimi, darasa la tano, msomaji wa nyumba nzima,
niliamua ni jina la baba yake.
Mama akalichukua hadi kanisani:
"Mwombeeni Kram, kwao kuna baridi."

Alipokuja kututembelea alicheka mpaka akaketi chini.
Si jina, alisema. Kitenzi. *Krama.*
Lipo jingine, *omfamna*, refu, la suti na tai,
la kukumbatia imani, mawazo, mataifa.
Hili ni la jikoni.
Unamkrama mtoto aliyeanguka.
Unaikrama nguo iliyolowa, tone la mwisho litoke.
Na ipo theluji inayokubali kushikana:
ukiikrama, inabaki na umbo la kiganja chako.

Mama alikuwa na masega kwenye shuka,
anayasokota, asali inachuruzika kwenye sufuria,
nyuki wawili watatu bado wanadai chao.
"Kumbe kukamua," akasema, bila kuinua uso.
"Sasa mtu unamkamua atoke nini?"

Gunvor hakuwa na jibu. Nami sina.

Mama yangu, Nyamizi binti Kapaya, hakukumbatia watu.
Alipiga goti, akapiga makofi mawili,
mikono ikarudi kwake.
Nilipotoka jeshini, miaka miwili,
alinipokea begi kwanza,
akauliza kama nimekula.
Na siku ile stesheni ya Tabora,
Gunvor alipomzungushia mikono mbele ya makuli,
mama alisimama wima kama mchi,
macho kwenye saa ya ukutani,
treni ikachelewa, wakabaki hivyo.

Wiki ya pili akaniita na kalamu.
Mwambie mvua imekuwa haba.
Mwambie Shija amepata mapacha.
Mwambie mbuzi wake tumemla, asamehe.
Nikauliza: mwishoni niandike *Kram*?
"Usiandike kitu."

Akaenda nyuma ya nyumba,
akachota nta iliyobaki kwenye shuka, bado ya moto,
akaifumba mkononi.
Aliibana kwa muda mrefu; nilimwona shingo ikitetemeka.
Alipofumbua,
vidole vyote vitano vilikuwemo,
hata kile cha kati kilichopinda tangu mzinga ulipomwangukia.

"Funga kwenye karatasi," akasema.
"Posta waambie ni dawa."